Skwea paipu ya 50 inatosha kwa fremu ya tela, kwa ulimi haitoshi

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mfugaji wa nyuki huku Sikonge. Manzuki yangu iko ndani porini, kilomita kama 40 kutoka barabara ya lami, njia ya mchanga na visiki, na masika kuna mbuga mbili za udongo mweusi. Nina Hilux ya zamani. Nataka kutengeneza tela la mita 2 kwa mita 1.2 nibebe ndoo 25 za asali za lita 20, kama kilo 500 hivi. Fundi wa hapa anasema skwea paipu ya 50 kwa 50 inatosha kote, fremu mpaka ulimi, na tukiona wasiwasi kwenye ulimi tuzipandishe mbili. Ninazo nne za geji 16 zilizobaki kwenye kazi ya mageti. Jirani naye ananiambia niachane na skwea paipu, nitafute kipande cha reli. Nichukue kipi, na unene gani?

Jibu: Marahaba mwanangu. Tuanze na asali kabla ya chuma, maana hesabu yako imeteleza hapo. Lita ya maji ina kilo moja. Lita ya asali ina kilo moja na gramu 400 hivi. Ndoo yako ikijaa ni kilo 28, kwa hiyo ndoo 25 ni kilo 700, si 500. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotembea kutoka hapa Tabora mpaka Bagamoyo walikuwa wakibeba kwa kawaida ratili 60 hadi 70 kila mmoja, ambayo ni kama ndoo yako moja ya asali. Basi unataka kuvuta msafara mzima wa watu 25 kwa ulimi mmoja. Ongeza ekseli, springi, matairi, bodi na fremu yenyewe, weka kilo 300. Jumla tani moja. Tani moja ndiyo nitakayoitumia kuanzia hapa, na wewe uiandike ukutani karakana.

Nikujibu kwa kifupi, halafu nieleze. Fundi wako yuko sahihi nusu: 50 kwa 50 ya milimita 3 inatosha kwa fremu. Kwa ulimi, yaani kile chuma cha mbele kinachofika kwenye huku ya gari (ile ndoano ya kuvutia tela), haitoshi. Ulimi utengeneze kwa 80 kwa 40 ya milimita 3, miguu miwili yenye umbo la V, ikiwa imesimama wima na ikipita chini ya fremu mpaka kwenye hanga za mbele za springi, yaani vile vishikio vinavyofunga springi kwenye chesisi. Zile za geji 16, yaani za milimita 1.6, zisiguse ulimi wala chesisi. Reli iache ilipo.

Sasa sababu. Tela limekaa kama mtu aliyebebwa kwenye machela: mwisho mmoja uko kwenye huku ya gari, mwingine uko kwenye ekseli, na mzigo uko katikati. Ukilipanga vizuri, huku inabeba sehemu moja ya kumi ya uzito wote na ekseli inabeba tisa. Kwako wewe huku inabeba kilo 100. Watu wakisikia kilo 100 wanacheka, kwamba hata kijana mmoja wa ghala la tumbaku anabeba gunia la kilo 100. Lakini ulimi wako utakuwa na urefu wa mita 1.2 kutoka huku mpaka ukingo wa mbele wa bodi, na chuma hakisikii kilo peke yake, kinasikia kilo mara umbali. Kilo 100 kwa sentimita 120 ni 12,000. Na pale kwenye huku yenyewe nguvu ya kupinda ni sifuri. Inaanza kukua taratibu kadiri unavyorudi nyuma, na inafika kilele sentimita kama 20 nyuma ya ukingo wa mbele wa bodi. Hapo ndipo matela hukatikia. Ukipita mitaani ukaona tela limelala pembeni limevunjika shingo, angalia, ni pale pale.

Hiyo ni ikiwa limesimama. Gari likiingia kwenye korongo na tela likafuata kwa kishindo, zile kilo 100 haziwi tena 100. Kwa lami mimi huzidisha kwa moja na nusu au mbili. Kwa njia kama yako nazidisha kwa tatu, na sijawahi kujuta kwa kuzidisha. Kwa hiyo tunatafuta chuma kinachoweza kuvumilia 36,000 bila kupinda na kubaki kimepinda.

Kila paipu ina namba yake ya ukinzani wa kupinda, inayotokana na umbo lake peke yake. Ukigawa ile 36,000 kwa namba hiyo, unapata mzigo ambao kila sentimita ya mraba ya chuma inabeba pale pabaya zaidi. Chuma laini cha kawaida kinachouzwa madukani, kikiwa kizuri, kinapinda moja kwa moja kikifika kilo 2,400 kwa sentimita ya mraba. Sasa tazama. Skwea paipu ya 50 kwa 50 ya milimita 3 ina namba karibu 8. Tela likisimama, 12,000 gawa kwa 8 ni 1,500, salama kabisa, na ndiyo maana fundi wako anazo picha za matela aliyotengeneza yakiwa yanapendeza uani. Likiingia korongoni, 36,000 gawa kwa 8 ni 4,500. Limeshapinda kabla hujakanyaga breki. Geji 16 ya ukubwa huo huo namba yake haifiki 5. Hiyo inafika mpaka wake likiwa limesimama tu chini ya mwembe.

Nenda sasa kwenye 100 kwa 50 ya milimita 3, ikisimama kwa upande wake mrefu. Namba yake ni 21. 36,000 gawa kwa 21 ni kama 1,700. Imepona, na imebakiza. Hapa ndipo ningependa utulie kidogo. Ile ya 50 kwa 50 ina kilo 4.25 kwa mita, hii ina kilo 6.6. Umeongeza chuma kwa nusu na kidogo tu, lakini nguvu imezidi mara mbili na nusu. Kilichofanya kazi ni kimo. Chuma kinachobeba mzigo wa kupinda ni kile cha juu kabisa na cha chini kabisa, kile cha katikati kinavishikilia tu visiachane. Ukivitenganisha mbali zaidi, vinashinda zaidi. Mtu anayekuja dukani akiuliza "nipe nene kuliko zote" bila kuuliza kimo analipa pesa nyingi kwa kilo ambazo hazimsaidii. Kutoka milimita 3 kwenda 4 kwenye hiyo hiyo 100 kwa 50 unapata namba 27. Ni zuri, lakini umelipa karibu kilo mbili zaidi kwa kila mita kwa ongezeko la robo.

Wazo la kupandisha mbili si la kijinga. Ukizilaza 50 kwa 50 za milimita 3 moja juu ya nyingine na ukazichomelea vizuri pande zote mbili kwa urefu wote, unapata karibu nguvu ile ile ya 100 kwa 50, ila umebeba kilo 8.5 kwa mita badala ya 6.6, na umekula elektrodi nyingi. Lakini ukizichomelea kwa madoa mawili matatu, kama nilivyoona watu wanavyofanya, kila moja inapinda kivyake na zinateleza zikisuguana. Hapo umepata nane jumlisha nane, ambayo ni 16. Na ukizipanga ubavu kwa ubavu ni 16 vilevile hata ukichomelea mpaka mwisho wa dunia. Zile zako za geji 16 zikipandishwa mbili kwa uchomeleaji safi zinapata 12 hivi. 36,000 gawa kwa 12 ni 3,000, bado imepita mpaka. Na ukuta wa milimita 1.6 ukiuchomelea kwa mkono usiotulia unatoboka, halafu unajazia, halafu unakuwa na donge gumu linalozungukwa na karatasi.

Kwa nini basi nimekuambia V ya 80 kwa 40 na sikukupa 100 kwa 50 moja ya katikati, wakati zote zinapita mtihani? Kwa sababu ya visiki. Ulimi mmoja wa katikati ni hodari juu na chini, lakini kwa ubavu ni dhaifu zaidi, na porini tela halipigwi juu na chini tu. Unakata kona kati ya miti miwili ya mtundu, gurudumu la ndani linagonga kisiki, gari linaendelea kuvuta, na tela zima linageuka kuwa nyenzo ya kuukunja ulimi kwa pembeni. V haikunjiki hivyo: mguu mmoja unavutwa, mwingine unasukumwa, na chuma kinapenda sana kuvutwa na kusukumwa kuliko kupindwa. Kwa juu na chini, 80 kwa 40 ya milimita 3 ina namba 13, miwili ni 26. 36,000 gawa kwa 26 ni kama 1,400. Ndiyo ninayoipenda.

Na ina raha nyingine. Kutoka huku mpaka hanga ya mbele ya springi kwenye tela lako ni kama mita 2. Miguu ya V ikifunguka mpaka upana wa fremu, mita 1.2, kila mguu unakuwa na mita 2.1. Miwili ni mita 4.2. Paipu moja ya mita 6 inatoa ulimi mzima na kubakiza kipande cha mita 1.8, ambacho usikitupe, nitakueleza kazi yake.

Fremu juu yake iwe 50 kwa 50 ya milimita 3: mbili ndefu za mita 2, na tano za kukatiza za mita 1.2, moja mbele, moja nyuma, tatu katikati, kila baada ya nusu mita. Hiyo ni mita 10, paipu mbili zinatosha. Hapa 50 inavumilia kwa sababu springi ndefu inashika fremu sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli, kwa hiyo hakuna sehemu ya fremu inayoning'inia mbali. Chuma chote cha chesisi, fremu na ulimi, ni kilo 64 tu. Jirani yako mwenye wazo la reli, mwambie hivi: reli ya ratili 80 kwa yadi ina kilo 40 kwa kila mita. Mita mbili za ulimi zingekuwa na kilo 80, nzito kuliko chesisi yote, na zote ziko mbele zikikandamiza huku. Halafu chuma cha reli kina kaboni nyingi. Ukikichomelea kwa mashine ya kawaida bila kukipasha moto kwanza na kukipoza taratibu, kinapasuka kando ya mshono, wakati mwingine usiku, wewe umelala, unasikia tu "tak". Na sisi watu wa Tabora tumekaa na reli tangu 1912, tunajua: kipande cha reli uani kwako ni kesi, hata kama ulikiokota.

Sasa nije kwenye kile ambacho hukuniuliza, na ndicho kitakachoamua kama tela lako litamaliza msimu. Paipu ikichaguliwa vizuri haivunjiki. Kinachovunjika ni maungio.

Tela langu la kwanza nilitengeneza nikiwa kijana, la kupelekea saruji na mabati kijijini Uyui, kwa mama. Ulimi ulikuwa mmoja, na niliukomesha kwenye ukingo wa mbele wa fremu: nikaukata bapa, nikaubandika kwenye ile paipu ya kukatiza, nikazungusha mshono pande zote nne. Ulipendeza. Safari ya tano au ya sita, ukapata ufa chini ya mshono. Nikasema, nitauonyesha. Nikachukua bamba la milimita 8, nikalikata mraba, nikalibandika chini ya ulimi na kuzungusha mshono tena. Mwezi haukuisha, ulimi ukakatika, si pale pa kwanza, ni pale bamba lilipoishia, kama umekatwa kwa msumeno. Nilipovitazama vipande viwili, upande wa chini uso wa chuma ulikuwa wa kahawia, una kutu, laini kama umesuguliwa. Upande wa juu ulikuwa unang'aa, una chembechembe kama sukari. Maana yake ufa ulianzia chini siku nyingi, ukawa unapanda kidogo kidogo kila shimo, ukiingiza maji na kushika kutu, mpaka kilichobaki kikashindwa kwa mara moja. Nilikuwa nimevuta tela lililokwisha kufa wiki tatu.

Niliyojifunza hapo ndiyo nakupa. Ulimi usiishie kwenye ukingo wa mbele. Upite chini ya fremu uende mpaka hanga ya springi, ili pale nguvu inapofika kilele kuwe na paipu nzima isiyo na kiungo. Upande wa chini wa ulimi ndio unaovutwa, kwa hiyo usichomelee chochote kukatiza chini yake na usitoboe tundu hapo, hata la waya wa taa. Mashimo ya bolti za huku, mbele kabisa, hayana shida, maana nguvu ya kupinda hapo ni karibu sifuri. Mguu wa V unapopita chini ya paipu ya kukatiza ya mbele, usizungushe mshono wa kukatiza mgongo wake. Kata masikio mawili ya bamba la milimita 5, yashuke kutoka kwenye fremu yashike mbavu za mguu, na mshono wa kwenye mguu uende kwa urefu wa paipu, katikati ya kimo chake, ambako chuma hakina kazi nzito. Na popote utakapoweka bamba la kuongezea nguvu, lisiishie mraba. Lichonge ncha kama jani la mwembe, ili ugumu uishe polepole.

Pale V inapofika kwenye hanga ya mbele, mguu uko chini ya fremu, kwa hiyo hanga inakaa chini ya mguu. Hanga ya nyuma iko moja kwa moja chini ya fremu, imepanda milimita 80 zaidi. Usipoliona hilo mapema, springi italala kama ngazi. Ile paipu ya 80 kwa 40 iliyobaki, kata vipande viwili, weka kimoja kila upande juu ya hanga ya nyuma, viwe sawa. Halafu weka bamba la milimita 5 kati ya kila hanga na paipu, pana kuliko hanga, kwa sababu hanga ikichomelewa moja kwa moja kwenye ukuta wa milimita 3 inausukuma ndani kama kidole kwenye ugali.

Springi zenyewe ni habari ndefu, ila sikiliza hili moja. Mtu anaokota springi za nyuma za gari la tani mbili, anazifunga zote na pleti zake zote, anasema sasa tela ni imara. Springi ikiwa ngumu haichezi, na isipocheza kila shimo linaingia moja kwa moja kwenye chesisi. Tela tupu linaruka kama mbuzi na linajivunja lenyewe bila mzigo. Toa pleti moja moja mpaka tela likiwa na kilo zake 700 linashuka kwa kuonekana, sentimita kadhaa, na bado lina nafasi ya kushuka zaidi. Upana wa magurudumu uwe sawa na wa Hilux yako, pima katikati ya tairi mpaka katikati ya tairi, ili tela likanyage njia ile ile gari limeshaikanyaga. Kwenye mbuga mbichi, tela linalochimba mifereji yake mipya ni nanga. Rimu ziwe za matundu yale yale, spea moja itumike kote.

Ekseli usiiweke katikati ya bodi. Kwa vipimo vyako, ili kilo 100 zifike kwenye huku, ekseli ikae sentimita 24 nyuma ya katikati. Ukimaliza, pima: egesha tela likiwa na mzigo mahali pa tambarare, weka ulimi juu ya mizani ya tumbaku kwa kimo kile kile cha huku, usome. Ikisoma kilo 60, sogeza ndoo mbele, maana tela lenye mkia mzito linaanza kupepesuka ukifika lami na kuongeza mwendo. Usirefushe ulimi ili kurudi nyuma kuwe rahisi bila kurudia hesabu: mita 1.8 badala ya 1.2 inazidisha kupinda kwa nusu nzima, na hapo 80 inaomba iwe 100.

Huku nayo. Kwenye korongo gari linainamia kushoto wakati tela limeinamia kulia. Huku ya kidonge, ile ya mpira wa chuma, inavumilia mpaka kiasi fulani, ikifika mwisho inaushika ulimi na kuusokota. Kwa njia yako ningetafuta huku ya pete inayozunguka. V ya paipu zilizofungwa pande nne inavumilia kusokotwa vizuri sana. Bati lile lile lililokunjwa likaachwa wazi upande mmoja, kama chaneli, linakuwa legevu zaidi ya mara mia mbili kwa kusokotwa. Malori yana chesisi za chaneli kwa sababu yametengenezwa yasokoteke kwa mpango, kwa ribiti na bolti. Wewe unachomelea, usiwaige. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya huku, ili ulimi ukichomoka uangukie juu ya minyororo, usichimbe ardhi.

Dukani usikubali neno la "hii ni tatu" kwa macho. Geji 16 ni milimita 1.6, geji 14 ni 2, geji 10 ndiyo inayopita 3 kidogo. Kama huna kalipa ya kupimia unene, tumia mizani: paipu ya mita 6 ya 50 kwa 50 ya milimita 3 halisi ina kilo 25 na nusu. Ya milimita 2 ina 17 na nusu. Ya 80 kwa 40 ya milimita 3 inafika 31. Ikipungua kilo moja sitagombana na muuzaji. Ikipungua tano, nairudisha. Na upime urefu pia, kwa sababu kuna zinazouzwa kama za mita 6 zikiwa na 5.8.

Kuchomelea, elektrodi ya kawaida ya milimita 2.5 inafaa kwa ukuta wa milimita 3, moto kati ya ampea 70 na 90. Zilizoshika unyevu wa masika zinatoa matundu kwenye mshono, zianike juani kwanza. Ondoa rangi na kutu yote kwa grenda kabla ya kuunganisha. Funga kwanza kwa madoa, pima pembe kwa pembe, kulia na kushoto zilingane, ndipo umalize, ukibadilisha pande ili isivutike. Tela lililovutika linaenda kama kaa. Ziba ncha zote za paipu, lakini toboa tundu dogo la kutolea maji kwenye fremu, chini, mbali na ulimi. Asali iliyomwagika ni tindikali na inavuta unyevu, inakula chuma kimyakimya chini ya ubao. Baada ya kila msimu mwaga maji ya kutosha.

Maungio ya ulimi yapake rangi nyeupe, si nyeusi. Kwenye nyeupe ufa unajitangaza kama mstari wa kahawia mwembamba kama unywele, wiki kadhaa kabla haujawa habari. Safari ya kwanza beba ndoo 12, nenda kilomita kumi, simama, lala chini utazame. Na kabla ya kuliingiza barabara ya Tabora na Mpanda, tela linasajiliwa kama chombo chake, na taa na namba zake, kwa hiyo pita TRA na kwa trafiki uulize wanachotaka kuona kabla hujapaka rangi ya mwisho.

Zile paipu nne za geji 16 zina kazi nzuri: kata mbavu za bodi na vizuizi vya ndoo, kimo cha nusu mita. Ndoo zisichezecheze. Panga safu ya mbele kwanza, na vifuniko vifungwe kwa mpira wa tairi.